Mikono ya Francesco: kisa cha herufi za mlazo, Venice 1501

Aprili 1501, katika karakana ya Aldus Manutius mjini Venice, kilitoka kitabu cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kidogo kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Kila ukurasa una mistari 30. Hakuna maelezo ya wafafanuzi pembeni wala mapambo. Jambo geni lilikuwa herufi zenyewe: nyembamba, zimeinama kidogo kuelekea kulia, zimeshikana hapa na pale kana kwamba karani mmoja ameketi akaandika kitabu kizima bila kunyanyua kalamu. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa herufi tunazoziita leo italiki, au herufi za mlazo.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo italiki hupita mikononi mwangu kila siku. Kisa cha kitabu hiki nimekirudia mara nyingi kwa sababu kinabeba mambo mawili yanayoniuma. Moja ni ile dhana kwamba italiki ni herufi ya kawaida iliyolazwa. Jingine ni jinsi jina la aliyezichonga lilivyofunikwa na jina la aliyeziagiza. Kwangu mimi hayo ni jambo moja. Kama italiki ni mlazo tu, basi aliyesema "zilazeni" ndiye mwenyewe, na fundi alitimiza amri. Ila kama kila herufi ililazimika kufikiriwa upya na kuchongwa peke yake, basi swali la nani mwenye herufi hizi halijibiki kirahisi hivyo.

Aldus alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchapaji. Alifika Venice karibu na 1490 akiwa na nia ya kuchapa vitabu vya Kigiriki, na kitabu chake cha kwanza chenye tarehe kilitoka 1495. Mtaji haukuwa wake peke yake. Aliungana na Andrea Torresani, mchapaji mzoefu, na Pierfrancesco Barbarigo, mtu wa ukoo mkubwa wa mji ule. Herufi zilichongwa na Francesco Griffo wa Bologna. Griffo alikwisha kumchongea Aldus herufi za Kigiriki, na pia herufi wima za Kilatini zilizotumika 1496 katika kitabu kidogo cha Pietro Bembo kuhusu safari yake ya kupanda mlima Etna. Wapangaji wa kurasa hadi leo huzitaja zile herufi wima kwa heshima. Kwa hiyo mtu aliyeketi kuchonga italiki hakuwa mwanafunzi.

Dalili ya kwanza ya italiki ilionekana Septemba 1500, katika kitabu cha Aldus cha barua za Mtakatifu Katerina wa Siena. Ndani yake mna picha ya mtakatifu ameshika kitabu kilichofunguliwa na moyo, na kwenye kile kitabu yameandikwa maneno machache ya Kiitalia: *iesu dolce iesu amore*. Yesu mtamu, Yesu upendo. Maneno hayo yako katika herufi mpya. Miezi saba baadaye ndipo alipotoka Virgil.

Sasa tuziangalie herufi zenyewe kwa karibu, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Chukua herufi n. Katika chapa wima, mguu wa kwanza unashuka, unakoma, na upinde unatoka karibu na juu ya mguu ule kama tawi lililochipuka penye shina kuu. Ni vipande viwili vilivyoungwa. Katika italiki, kalamu inashuka, kisha bila kunyanyuka inapanda tena kwa mshazari ikitokea karibu na chini, inapinda juu, inashuka mara ya pili na kumalizia kwa kijimkia kinachotazama herufi ifuatayo. Ni mwendo mmoja. Ukiilaza n wima utapata n wima inayoanguka. Ule mwendo hauji.

Herufi a vilevile. Ya wima ina tumbo dogo chini na kofia iliyopinda juu. Ya italiki ni tumbo moja na mguu, jinsi tunavyoiandika kwa mkono. Herufi f ya italiki hushuka chini ya mstari, wakati ndugu yake wima husimama juu ya mstari huohuo. Zile serifu, yaani vijiguu vya mwisho wa kila mkato, nazo zinabadilika: katika herufi wima ni kama nyayo zilizokanyaga chini pande zote mbili, katika italiki zinakuwa mahali kalamu ilipogusa karatasi na mahali ilipoondoka. Ulalo ni sehemu ndogo kabisa ya habari hii. Kwa kweli italiki ya Griffo imeinama kidogo tu, na herufi zake kubwa hazikuinama hata kidogo. Ni herufi kubwa wima, fupi kuliko shingo za l na b, na mwanzoni mwa kila mstari wa shairi imesimama moja, imeachana na neno lake kwa nafasi ndogo, hivyo kwamba upande wa kushoto wa ukurasa una safu ya herufi zilizosimama kama nguzo za baraza, na nyuma yake maneno yanakwenda kwa mwendo wao. Nimeutazama ukurasa ule mara nyingi na bado naona ni mpangilio mzuri kuliko mingi iliyokuja baadaye.

Mfano haukutoka hewani. Mwandiko ule ulikuwepo. Wasomi wa Florence, Niccolò Niccoli akiwa mmoja wao, waliuandika mwanzoni mwa karne ya 15 walipokuwa wakinakili vitabu vya kale kwa haraka. Mwishoni mwa karne hiyo Bartolomeo Sanvito wa Padua alikuwa akiuandika kwa ustadi wa kushangaza katika vitabu vidogo vya matajiri. Vitabu vya namna hiyo vilikuwamo katika maktaba ya baba yake Bembo, na Aldus mwenyewe alikiri baadaye, alipomtolea Bembo chapa ya Virgil ya 1514, kwamba umbo la kitabu kidogo alilipata katika nyumba yao. Kwa hiyo kazi ya Griffo ilikuwa kuugeuza mwandiko kuwa chuma.

Wasiowahi kuona kazi hiyo hawajui ugumu wake. Mchongaji huchukua kifimbo cha chuma na kuchonga herufi kwenye ncha yake, imegeuzwa kama inavyoonekana kiooni, kwa ukubwa uleule itakaochapwa nao. Hakuna kuchora kubwa kisha kupunguza. Kifimbo hupitishwa motoni kikawa kigumu, kisha hugongwa kwenye kipande cha shaba, na lile shimo linalobaki ndiyo kalibu. Humo humiminwa risasi iliyochanganywa na madini mengine, na kila mmiminiko unatoa herufi moja. Ni kazi jamaa na usonara, na makosa yake yanapimwa kwa unene wa unywele.

Ugumu wa italiki uko hapa: kila herufi ya risasi ina kiwiliwili cha pembe nne, kama tofali. Herufi iliyoinama haitaki kukaa ndani ya tofali. Kichwa cha f kinataka kutokeza upande wa kulia juu ya jirani yake, mkia wake unataka kutokeza kushoto chini ya jirani mwingine. Sehemu inayotokeza haina kitu cha kuishikilia, na ikigongana na herufi ya jirani huvunjika. Ukiipa nafasi isigongane, pengo linabaki kati ya herufi na mwendo wa kalamu unakatika machoni.

Jibu la Griffo lilikuwa kuchonga herufi pacha. Badala ya kuacha herufi mbili zigombane, alizichonga pamoja kwenye kifimbo kimoja, zikamiminwa kama kitu kimoja. Alichonga pacha kama hizo zaidi ya 60. Hebu fikiria kazi hiyo: alfabeti nzima ya herufi ndogo, halafu michanganyiko zaidi ya 60 juu yake, na kila mmoja ulazimike kufanana na wenzake kiasi kwamba msomaji asione mahali palipoungwa. Na mpangaji chapa naye alitakiwa azikumbuke zote, kila moja na kijisanduku chake, mkono wake uende wenyewe. Aliyepita chuoni akajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu ataelewa haraka: kule tangu utotoni tunafundishwa kwamba herufi ina sura yake ikiwa peke yake na sura nyingine ikishikwa na jirani. Griffo aliingiza jambo la namna hiyo katika herufi za Kilatini, ambazo chapa ilikuwa imezizoesha kusimama kila moja na lake.

Husemwa, na nimelisikia hata kwa watu wa kazi, kwamba Aldus alibuni italiki ili kubana karatasi. Tufanye hesabu. Katika mashairi ya Virgil, Aeneid ina mistari 9,896, Georgica 2,188, na mashairi ya wachungaji takriban 830. Jumla ni kama 12,900. Kwa mistari 30 kila ukurasa hiyo ni kurasa 430 hivi. Karatasi kubwa iliyokunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, kwa hiyo mashairi yenyewe yanameza karatasi kubwa 27. Sasa, mstari wa shairi ni mstari wa shairi. Herufi iwe nene au nyembamba, idadi ya mistari haibadiliki. Wembamba wa italiki hauwezi kupunguza hata mstari mmoja kati ya hiyo 12,900. Unachofanya ni kuuwezesha ule mstari mrefu wa Kilatini, wenye mapigo sita, kuenea kwenye ukurasa mwembamba bila kukatwa na kushushwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga utenzi au shairi la mizani 16 katika kitabu kidogo anajua adha ya mstari unaokatika. Herufi nyembamba iliuokoa mstari, na mstari uliookoka ukaruhusu kitabu kiwe chembamba.

Karatasi iliokolewa na uamuzi mwingine kabisa: kuyaondoa maelezo. Virgil wa kabla ya hapo alikuwa kitabu kikubwa cha kuwekwa mezani, shairi katikati na bahari ya ufafanuzi ikilizunguka. Aldus alibakisha shairi peke yake. Katika utangulizi wa kitabu cha Horace, mshairi mwingine wa Roma ya kale, kilichofuata mwaka huohuo, alimwambia Marin Sanudo, mtu wa shughuli nyingi za serikali, kwamba udogo wa kitabu ungemwalika akisome anapopata nafasi kati ya kazi zake. Huo ndio msukumo ninaouamini. Kitabu cha kusomwa na mtu mmoja, mkononi, na herufi yake ifanane na mwandiko wa rafiki.

Sasa tufike kwenye mistari mitatu inayomtaja Griffo.

Mwanzoni mwa Virgil ya 1501 Aldus aliweka shairi fupi la Kilatini la kumsifu mchonga herufi. Linasema hivi: Aldus, aliyewapa Wagiriki herufi, sasa anawapa Walatini herufi zilizochongwa kwa mikono stadi ya Francesco wa Bologna. Ni heshima adimu. Wachonga herufi wa zama zile hawakutajwa vitabuni. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nilipolisoma mara ya pili niliangalia ni nani anatenda. Anayetoa ni Aldus. Aliwapa, sasa anawapa. Francesco yumo kama mikono. Sitaki kumwonea Aldus, kwa sababu angeweza kunyamaza na hakunyamaza. Hata hivyo ndani ya mistari ile mitatu mgawanyo ulikwisha kufanyika, na yaliyofuata yaliufuata mgawanyo huo.

Hata kabla ya kitabu kutoka, Machi 1501, Aldus alikuwa ameomba serikali ya Venice imlindie herufi zake za mwandiko wa mkono, za kikarani, na akapewa ulinzi wa miaka 10. Novemba 1502 Baraza la Seneti likautia nguvu, na Desemba mwaka huohuo Papa Aleksanda VI akatoa wa kwake. Yeyote ambaye angechapa kwa herufi za namna hiyo katika himaya ya Venice angeadhibiwa. Angalia maana yake kwa Griffo. Mtu pekee aliyejua kikamilifu jinsi ya kuchonga herufi hizi alikuwa amezuiliwa kumchongea mchapaji mwingine katika mji wenye wachapaji wengi kuliko karibu mji wowote wa Ulaya. Ujuzi ulikuwa wake, haki ikawa ya Aldus.

Ulinzi huo haukuvuka milima ya Alps. Huko Lyon, Ufaransa, wachapaji wakaanza kutoa Virgil na Horace wa ukubwa uleule, kwa herufi za kuigiza, bila jina la mchapaji wala mahali. Mmoja aliyehusika alikuwa Baldassare da Gabiano. Tarehe 16 Machi 1503 Aldus akachapa tangazo la onyo, na tangazo hilo ni ushahidi wangu mkubwa katika kisa hiki. Aliorodhesha makosa ya chapa katika nakala za Lyon ili wanunuzi wazitambue. Alisema karatasi yao ni duni na ina harufu nzito. Halafu akafika kwenye herufi. Katika nakala zile, alisema, konsonanti hazikuunganishwa na irabu bali zimekaa mbalimbali, ilhali katika zake karibu zote zimeshikana na zinaiga mkono wa mwandishi, jambo linalostahili kutazamwa.

Rudia kuisoma hoja hiyo. Aldus alipotaka kuonyesha tofauti ya italiki ya kweli na ya bandia, hakutaja ulalo. Za Lyon nazo ziliinama. Alitaja mishikano, zile pacha zaidi ya 60, usiku na mchana wa Griffo kwenye ncha ya chuma. Kwa maneno yake mwenyewe thamani ya herufi ilikuwa ndani ya kazi ya mchongaji. Tangazo lenyewe liliwafaa zaidi wezi kuliko wasomaji, maana watu wa Lyon waliichukua orodha ya makosa na kuyasahihisha katika chapa zilizofuata.

Wakati huo Griffo alikwisha kuondoka. Alihamia Fano, mji wa pwani ya mashariki ya Italia, akafanya kazi na Gershom Soncino, Myahudi wa ukoo mashuhuri wa wachapaji. Mwaka 1503 Soncino alichapa mashairi ya Petrarca kwa italiki mpya ya Griffo, na katika maneno ya kumtolea Cesare Borgia kitabu hicho alisema waziwazi: aliyebuni na kuchora kwanza herufi hizi ni Francesco wa Bologna, wala si Aldus wala wengine waliojaribu kwa ujanja kujipamba kwa manyoya ya wenzao, na ni Francesco aliyechonga herufi zote ambazo Aldus amewahi kuchapa nazo. Soncino alikuwa mfanyabiashara mwenye kutafuta wateja, kwa hiyo maneno yake tuyapime kwa mizani hiyo. Ila sioni mahali ambapo yanapingana na ile mistari mitatu ya Aldus mwenyewe. Yote mawili yanasema mikono ilikuwa ya Francesco. Soncino anaongeza kwamba mikono ile ilikuwa na kichwa.

Mwaka 1516, Aldus akiwa amefariki mwaka mmoja kabla, Griffo alirudi Bologna akaanza kuchapa vitabu vyake mwenyewe, vidogo kuliko vya Aldus, kwa italiki ndogo zaidi. Katika utangulizi wa mmojawapo alieleza kwamba alimchongea Aldus herufi za Kigiriki na za Kilatini, na kwamba kwa herufi hizo Aldus alipata mali nyingi na jina lisilokufa. Kuna uchungu ndani ya sentensi hiyo ambao karne tano hazijaupoza. Muda mfupi baadaye alishtakiwa kwa kumuua mkwewe, mume wa binti yake, kwa kipande cha chuma katika ugomvi, na hapo kumbukumbu zinakatika. Hatuna picha yake wala kaburi lake. Hata jina lake la ukoo lilizama: mwaka 1858 Antonio Panizzi, mkutubi mkuu wa British Museum, alichapisha kijitabu akitetea kwamba yule Francesco wa Bologna ni Francesco Francia, mchoraji mashuhuri. Watafiti waliofuata ndio waliomrudishia Griffo kazi yake.

Jina la Aldus halikuhitaji kurudishwa. Mwaka 1507 Erasmus, msomi mashuhuri wa Uholanzi, alimwandikia akimwomba amchapie tafsiri zake, na akasema angependa hasa zile herufi ndogo, nzuri kupita zote.

Yaliyoipata italiki baadaye nitayapita haraka. Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa hati mjini Roma, alitoa kitabu cha kufundisha mwandiko huo chenye tarehe ya 1522, na miaka miwili baadaye akaanza kuchapa kwa italiki pana zaidi, yenye hewa, isiyotegemea pacha nyingi. Wafaransa walifuata njia hiyo, na kabla ya karne ya 16 kwisha herufi kubwa nazo zilikuwa zimeinamishwa, na italiki ikageuzwa kuwa msaidizi wa herufi wima: ya utangulizi, ya neno geni, ya mkazo. Iliyozaliwa kubeba kitabu kizima ikapewa neno moja kwa ukurasa.

Na kutoka hapo ilikuwa rahisi kuiona kama kivuli. Mwaka 1926 Stanley Morison, mtaalamu mkubwa wa chapa Uingereza, aliandika kwamba italiki bora kwa kazi hiyo ya usaidizi ni herufi wima iliyolazwa tu, ili isipishane na mwenzake. Wachora herufi wakajaribu. Jan van Krimpen wa Uholanzi alitoa chapa ya Romulus ya namna hiyo, W. A. Dwiggins wa Marekani alitoa chapa ya Electra 1935 ikiwa na mlazo mtupu, na 1940 ikabidi iongezewe italiki ya mwandiko. Morison mwenyewe aliachana na wazo lake. Ukizitazama kurasa zile unaona kilichokosekana: maneno yameinama lakini hayatembei.

Leo kompyuta hufanya jaribio la Morison kila sekunde bila kuulizwa. Chagua herufi isiyo na italiki yake, bonyeza kitufe cha mlazo, na programu itaisukuma kando. Nimewahi kupokea kutoka kiwandani diwani niliyoipanga kwa uangalifu, nikakuta faili la italiki halikusafiri na kazi, na mashine imeilaza ile ya wima. Niliigundua kwa herufi a. Ilikuwa na ile kofia yake juu, imeinama kama mtu anayesukumwa na upepo. Mshairi hakujua kilichoharibika. Aliniambia tu kwamba ukurasa unamchosha macho.

Kwa sisi tunaopanga Kiswahili kuna jambo la ziada, na naliona halizungumzwi. Griffo alichonga kwa ajili ya Kilatini na Kiitalia. Kilatini hakina w, na k yake ni nadra mno. Kiswahili hakikai nusu mstari bila hizo mbili: kwa, wake, kwamba, wakakaa. Ina maana katika kila italiki ya leo iliyofufuliwa kutoka zama zile, herufi mbili tunazozitumia sana ndizo ambazo mchongaji wa asili hakuzihitaji, au alizihitaji kwa nadra. Mara nyingi mtu mwingine alizibuni baadaye. Wakati mwingine alizipatia. Wakati mwingine k imetoka na tanzi la mapambo lisilofaa kurudiwa mara 40 katika ukurasa, au w imekuwa pana hadi "wawili" inaonekana kama ua la miiba. Kabla sijaiteua italiki ya diwani, huchapa mistari michache yenye kwa, wawekwe, kikwazo, na ng'ambo, hii ya mwisho nione kama kile kiritifaa kinaketi juu ya g au kinaelea peke yake. Uzuri wake katika sampuli ya Kilatini haunisaidii kitu.

Chapa niliyoizoea ni Bembo, iliyotolewa na Monotype 1929. Herufi zake wima zinatokana na zile za Griffo za 1496. Italiki yake haikutoka kwake. Ilifuata mwandiko wa Giovanni Antonio Tagliente, mwalimu wa hati aliyefundisha Venice miaka ya 1520. Kwa hiyo Griffo, katika chapa inayombeba zaidi, amewekewa italiki ya mtu mwingine, na chapa yenyewe inaitwa kwa jina la mwandishi wa kitabu.

Katika ukurasa wa mwisho wa vitabu ninavyopanga huweka mstari mdogo unaotaja herufi zilizotumika na waliozifanya. Kwa Bembo naandika: herufi wima, Francesco Griffo wa Bologna, mlazo, Giovanni Antonio Tagliente. Kisha nakwama kwenye k na w. Hizo zilichorwa katika chumba cha michoro cha Monotype huko Salfords, kusini mwa London, na watu waliokaa mezani kwa penseli na kioo cha kukuzia, wengi wao wanawake, ambao majina yao hayakuwekwa kwenye herufi yoyote. Nimeamua kuandika hivyo hivyo: k na w, mikono ya Salfords.